Ada ya bima ya WIBA (ya kuwafidia wafanyakazi wanaoumia kazini) imepanda baada ya ajali: iombe kampuni ya bima ije ikague

Ndugu, pole sana kwa fundi wako aliyekatika kidole. Umeuliza kama kampuni ya bima inaweza kukusaidia kuzuia ajali katika karakana yako ya mbao yenye watu 24 huko Nakuru, au kazi yake ni kulipa na kupandisha ada tu. Inaweza, lakini omba kwa maandishi.

Omba orodha ya madai yako yote ya miaka 3, na mkaguzi wao aje kabla hujalipia bima ya mwaka ujao. Sisi tulipoisoma orodha yetu, karibu madai yote yalitoka kwenye msumeno mmoja wa meza. Kinga yake ilikuwa imefunguliwa na kutundikwa msumarini, kwa kuwa iliwachelewesha mafundi. Tuliirudisha, tukachonga vijiti vya kusukumia mbao ili vidole visikaribie meno. Mkaguzi alirudi, akapiga picha, na ripoti yake ndiyo niliyojadilia ada. Usitarajie nafuu mwaka wa kwanza. Wanatazama historia ya madai.

Tena, ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya usalama kazini ya 2007 inakutaka uwe na kamati ya usalama. Mtie fundi wa msumeno humo, si karani peke yake.

Na tafadhali, usimfiche majeruhi eti ada isipande. Fidia ile ni haki yake, na ana watoto wa kulisha.