Seva ya barua pepe inaelemewa na watu kuingia

SWALI: Seva yetu, inayoendeshwa na programu ya barua pepe ya Dovecot, inahudumia watu mia chache tu, lakini kila asubuhi prosesa inagonga asilimia 100 na logi inajaa mistari ya "Login". Wengi wanasoma barua kwenye kivinjari kwa Roundcube. Nywila ziko kwenye hifadhidata ya MySQL. Tuongeze RAM?

JIBU: RAM iacheni kwanza. Roundcube imeandikwa kwa lugha ya PHP, na PHP haishikilii muunganisho wa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva) baada ya ukurasa kufunguka. Kila mtu akibofya folda au barua, Roundcube inaingia upya kwa nywila, inachukua inachotaka, inatoka. Aliyesoma barua 40 ameingia mara 40 na zaidi. Hesabuni kwenye logi mistari ya "Login" ambayo rip= yake (anwani alikotokea anayeingia) ni anwani ya mashine ya Roundcube; mkikuta ndiyo mingi, mmempata mchawi.

Dawa yake ni imapproxy, programu inayokaa kati ya Roundcube na Dovecot. Isimikeni kwenye mashine ya Roundcube, kisha Roundcube ielekezwe 127.0.0.1, yaani mashine hiyohiyo. Mtu "akitoka", imapproxy huuacha muunganisho wazi kwa muda na kumrudishia akibofya tena. Kama Dovecot iko mashine hiyohiyo, poti 143 imeshashikwa: ipeni imapproxy 1143, la sivyo haitawaka.

Halafu washeni kache ya Dovecot, inayokumbuka nywila zilizotoka MySQL, kwani auth_cache_size huja ikiwa 0, yaani imezimwa. Wekeni 10M, na auth_cache_ttl, muda wa kukumbuka, iwe saa moja nzima. Hapa wengi hujikwaa. Mtu akibadili nywila, mpya inakubaliwa papo hapo kwa sababu Dovecot ikiona hailingani inauliza MySQL tena. Lakini kabla mpya haijatumika, ya zamani bado inafungua mlango hadi saa ile iishe. Akaunti ikiibiwa, badilini nywila kisha mpige:

doveadm auth cache flush jina-la-mtumiaji

Kache inaipumzisha MySQL tu. Kama nywila zimehifadhiwa kwa bcrypt (njia ya kuficha nywila kwa hesabu nzito makusudi), hesabu ile nzito inarudiwa kila mtu anapoingia, tena ndani ya prosesi moja. auth_cache_verify_password_with_worker = yes inaigawa kwa kori zote. Msipunguze ugumu wa bcrypt ili kuokoa prosesa. Hifadhidata ikivuja mtajuta.

SWALI: Na simu je?

JIBU: Zinazotumia IMAP IDLE (seva ndiyo inayoziarifu barua ikifika) zinaingia mara moja na kusubiri, hazina neno. Tafuteni za POP3 (njia ya kushusha barua kwenye simu) zinazokagua kila dakika: simu moja inaingia mara 1,440 kwa siku. Ikiwekwa dakika 15, zinabaki 96.