Nikieleza yaliyompata mke wangu kliniki, muuguzi ataadhibiwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi uliopita mke wangu, mjamzito wa miezi sita, alipewa kliniki vile vidonge vitatu vya SP vya kumkinga na malaria, akavimeza mbele ya muuguzi kama ilivyo kawaida. Usiku midomo ilianza kumwasha na kuvimba, na kulipokucha ilikuwa imetoka malengelenge. Tulirudi kituoni, akatibiwa, na sasa hajambo. Kabla ya kumpa dawa, muuguzi alimwuliza kama ana mzio wa salfa, naye akajibu kwamba hana. Tulipofika nyumbani ndipo tulipokumbuka kuwa miaka minne iliyopita Septrin ilimfanya vivyo hivyo. Ninataka kulieleza jambo hili kituoni, lakini mama mkwe ananikataza. Anasema muuguzi atafukuzwa kazi, na mke wangu atakosa wa kumpokea siku ya kujifungua. Nifanye nini?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umpe mkeo pole yangu. Kwanza kabisa, asimeze tena SP wala Septrin, kwa kuwa zote mbili zina salfa. Mhudumu aliandike hilo kwenye kadi ya kliniki, mahali panapoonekana, kisha amshauri njia nyingine ya kujikinga na malaria. Akiona ngozi inababuka au macho yanakuwa mekundu na kuuma, arudi kituoni saa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako. Nenda ukaeleze, na ikiwezekana mwende wote wawili, kwa sababu mkeo anajua jambo ambalo halimo katika daftari lolote la kituo kile. Hebu tazama: muuguzi aliuliza, akajibiwa, akaandika. Mkaguzi akifungua kumbukumbu za siku ile ataona kila kitu kimefuatwa, na atahitimisha kuwa mgonjwa alificha au hakuwa makini. Kumbe mkeo hakuficha kitu. Yeye anajua kwamba Septrin inamkataa, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa Septrin ni salfa, na pengine hata neno “mzio” halimo katika maneno anayoyatumia nyumbani. Pengo liko katikati ya swali na jibu, na aliyesimama pale akiulizwa ni yeye.

Nimefanya kazi kwenye dirisha la dawa kwa miaka mingi, na ninakiri kwa uchungu kwamba nimewauliza watu wengi swali lile lile kwa maneno yale yale. Laiti mgonjwa mmoja angerudi kunieleza, ningejifunza mapema kuuliza hivi: “Kuna dawa yoyote iliyowahi kukuwasha, kukuvimbisha au kukutoa malengelenge? Je, Septrin?” Swali la namna hiyo halihitaji bajeti, na linaweza kumwokoa mjamzito wa kesho.

Hofu ya mama mkwe ninaielewa, wala siwezi kukuapia kwamba hakuna kiongozi atakayekasirika. Lakini namna ya kueleza ina uzito. Malalamiko humtafuta mtu; taarifa ya tukio hutafuta sababu. Mwone mganga mfawidhi au muuguzi mfawidhi, mweleze tarehe, aliloulizwa mkeo, alilojibu, dalili zilizoanza na saa zilipoanza, pamoja na ile habari ya Septrin, kisha useme wazi kwamba muuguzi aliuliza. Ukisita kuwakabili, mpitie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au mjumbe anayewawakilisha wananchi katika kamati ya kituo. Sanduku la maoni lisiwe tegemeo lako la kwanza, kwa kuwa karatasi haiwezi kuulizwa swali la pili. Kama muuguzi angekuwa amelewa au amedai rushwa, ningekuelekeza kwingine, likiwemo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Haya yenu siyo mambo ya namna hiyo.

Kwa kuwa ni madhara ya dawa, waombe pia wajaze ile fomu ya manjano inayopelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo ina ofisi ya kanda yetu jijini Mbeya. Mgonjwa naye anaruhusiwa kuitolea taarifa mamlaka hiyo yeye mwenyewe.

Usidhani kwamba unaomba upendeleo. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 2019 huadhimisha Siku ya Usalama wa Mgonjwa kila tarehe 17 Septemba, mwaka 2023 liliitenga siku hiyo kwa ajili ya kuwashirikisha wagonjwa, na mpango wake wa 2021 hadi 2030 unawahesabu wagonjwa na familia zao kuwa washirika wa huduma salama. Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tusijione wageni katika hili: hospitali ya rufaa ya Mbeya ndiyo iliyotangulia nchini, mwaka 2007, kujaribu utaratibu wa 5S na Kaizen, ambao msingi wake ni kurekebisha kazi kidogo kidogo, kila siku, pale pale inapofanyika. Ninachokitamani ni kuona mgonjwa akiketi kwenye kikao cha marekebisho hayo, badala ya kusubiri nje kwenye benchi.

Kwa hiyo, ukishaeleza, usiage bila kuuliza ni lini mtapewa majibu na nani atawapa. Siku hiyo ikifika, rudini. Mkeo aulize ni nini kimebadilishwa katika namna ya kuwauliza wajawazito kabla ya kuwapa SP, na wakimwonyesha maswali mapya, ayasome mwenyewe na kuwaambia kama sasa angeyaelewa.