Binti Kukataa Besiboli ya Babu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba marehemu baba yako, aliyesomea Chicago, alirudi Nairobi na mapenzi ya Cubs, timu ya besiboli ya huko, akakurithisha, lakini binti yako wa miaka 9 hupiga miayo kila unapomwamshia mechi.

Kosa la kwanza, naona, ni saa. Mechi inayoanza saa moja jioni kule huwa ni saa tisa usiku hapa wakati wa majira yao ya joto, na hakuna mtoto atakayependa kitu kinachomnyima usingizi. Bahati yako ni kwamba uwanja wa Cubs, Wrigley Field, ambao haukuwa na taa hadi mwaka 1988, bado una mechi nyingi za mchana, na hizo huanza Nairobi mnamo saa tatu usiku; chagua za Ijumaa, shule ikiwa imefungwa kesho yake.

Pili, anzia kwa raunda, mchezo unaofanana na besiboli, ambao huenda anaucheza shuleni: kugonga mpira, kukimbia kutoka kituo hadi kituo, kudakwa. Tofauti chache zilizobaki ataziuliza mwenyewe.

Msimulie pia babu yake. Cubs walitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha wakasubiri hadi 2016, miaka 108, na mzee aliyeshabikia timu ya namna hiyo (mimi nisingeweza) ana visa ambavyo mtoto atavisikiliza hata kabla hajaelewa mchezo wenyewe. Akichagua kandanda hatimaye, mwache.