Maswali ya Wasomaji: Kwa nini magugu maji hurudi?

SWALI: Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) upande wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Tulikodi mashua mbili na watu 15 kung'oa magugu maji kwenye kijighuba chetu cha hekta moja hivi. Baada ya wiki tatu tulikuwa tumesafisha zaidi ya nusu, fedha zikaisha. Wiki sita baadaye pamejaa kama mwanzo. Afisa mmoja anatuambia tulione tatizo kama mfumo, lakini hakusema tuanzie wapi.

JIBU: Anzieni kwenye hesabu, katibu. Pakiwa na joto na rutuba, magugu maji huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, yaani karibu asilimia 5 kwa siku. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo kila kukicha mna mita 500 mpya. Kikosi kinachotoa mita 400 kwa siku hakitamaliza kamwe. Kinachotoa 700 kitamaliza kwa siku 26 hivi. Kinachotoa 1,400 kitamaliza kwa siku 9! Watu ni maradufu, lakini muda umeshuka hadi karibu theluthi moja, na jumla ya vibarua vya kulipa ni pungufu. Mliacha kama mita 4,000, nazo kwa kasi hiyo hujaza hekta nzima ndani ya siku 19. Mimea iliyosongamana hukua polepole, lakini mkiisafishia nafasi mnairudishia kasi. Basi msianze kazi kabla ya kuwa na fedha za kumaliza.

Hesabu hiyo inadhani hakuna kinachoingia kutoka nje, na sivyo. Upepo wa mchana unaotoka ziwani husukuma visiwa vya magugu hadi ufukweni. Fungeni mdomo wa kijighuba kwa kamba yenye maboya, wavu ukining'inia chini yake kama nusu mita, kabla ya kung'oa mmea wa kwanza. Acheni mlango wa mashua upande usioelekea upepo.

Kisha kuna lundo mnaloliacha ufukweni. Karibu asilimia 95 ya magugu mabichi ni maji, na yakioza pembeni, naitrojeni na fosforasi hurudi ziwani na mvua ya kwanza. Mtakuwa mmelipa watu kuhamisha mbolea hatua kumi tu. Yachujeni maji siku mbili au tatu juu ya chaga, kisha yapelekeni juu ya mstari wa mafuriko. Yaliyoota karibu na maji taka ya mji msiyalishe mifugo, kwa sababu mmea huu hufyonza metali nzito.

SWALI: Fukusi, wale wadudu walioletwa kula magugu, bado wapo? Na kwa nini tusipulize dawa tukamaliza?

JIBU: Wapo. Waliachiwa upande wa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Magugu yalipopungua sana baada ya 1998, ulizuka ubishi: ni fukusi, au ni mawimbi na mawingu ya El Niño? Sisi tunaona "au" hiyo inapotosha. Mmea uliotobolewa na mabuu huwa dhaifu, na wimbi huvunja kilicho dhaifu.

Geuza jani ulitazame. Makovu meupe ya milimita 3 au 4 ni alama ya fukusi mkubwa, ambaye mchana hujificha katikati ya mmea. Pasua kikonyo: ukiona njia ya kahawia, buu amepita humo. Kutoka yai hadi fukusi huchukua kama miezi mitatu, ilhali magugu huongezeka kwa wiki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakang'oa kila kitu pamoja na fukusi wenyewe. Kagueni mimea 20 kila upande, kisha kipande chenye makovu mengi kizungushieni miti, tuseme mita 10 kwa 10, mkiache.

Dawa huwanyima fukusi chakula, na magugu yakifa kwa pamoja huzama, yakaoza na kumaliza oksijeni ya samaki. Mbegu zilizo kwenye tope hukaa hai hata zaidi ya miaka 15, zikisubiri mwanga. Dawa haizigusi.

SWALI: Tunaambiwa tuchore "mchoro wa mfumo". Unachorwaje?

JIBU: Ni mchoro wa mishale unaoonyesha jinsi kitu kimoja kinavyosukuma kingine. Karatasi kubwa, kalamu za rangi mbili, saa mbili. Waiteni wavuvi, mama wauza samaki, mtu wa maji taka wa kaunti na wakulima wa juu ya mto. Wakulima wakikosekana, mchoro utaishia ufukweni na lawama zote zitabaki hapo.

Andikeni vitu vinavyoweza kupanda na kushuka tu. "Eneo la magugu" inafaa, "uongozi mbovu" haifai. Chora mshale kati ya viwili. Weka + kama cha kwanza kikipanda cha pili nacho hupanda, na − kama hushuka. Magugu yakizidi, kipato cha wavuvi hushuka (−). Kipato kikipanda, michango ya kung'oa hupanda (+). Michango ikipanda, magugu hupungua (−). Zungusha ukihesabu alama za kutoa. Zikiwa mbili, au idadi yoyote shufwa (2, 4, 6), duara hilo hujichochea. Zikiwa witiri (1, 3, 5), hujizuia. Duara hili hujichochea: magugu ndiyo yanayokula fedha za kuyaondoa. Kwa hiyo michango ikusanywe msimu wa samaki wengi na ifungiwe akaunti.

Panapochukua muda, kama fukusi, kateni mshale kwa vistari viwili. Mishale ikizidi 15, futeni baadhi. Msimlipe mtu kwa kilo bila kupima eneo lililobaki, maana mnaweza kumpa sababu ya kuacha mimea kidogo iote tena.

Mshale utakaowasumbua zaidi ni ule wa rutuba kutoka mashambani na kwenye mabomba ya mji. BMU haiwezi kuukata peke yake. Pelekeni mchoro kwenye kikao cha watumiaji maji wa mto unaoingia kwenu, mkiwa na jambo moja tu la kuomba: ukanda wa nyasi usiolimwa kingoni.