Likembe 40 kabla ya Noeli

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la 6 la msingi katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Kwa miaka 4 sasa ninatengeneza nyumbani likembe, ala ya muziki yenye ndimi za chuma juu ya sanduku la mbao, inayopigwa kwa vidole gumba; ni kazi niliyorithi kwa baba mkubwa. Huuza moja kwa dola 15. Ubao, spoki na gundi hunigharimu dola 4, na kazi yenyewe hunichukua saa 9 hivi. Katika kila 10 ninazotengeneza, 2 hupasuka sanduku.

Mwanzoni mwa Oktoba mfanyabiashara mmoja wa vitu vya sanaa aliniagiza likembe 40 kabla ya Noeli, akanipa avansi ya dola 150, nami nikakubali bila kufikiri sana. Mpaka leo nimemaliza 14. Madaftari ya wanafunzi nayasahihisha usiku juu ya meza ileile ya kazi, na wiki iliyopita daftari moja lilirudi shuleni kurasa zake 2 zikiwa zimegandana kwa gundi ya mbao. Mzazi alilipeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi. Sasa mkurugenzi anasema niache nyundo, na mke wangu anasema niache chaki. Wanafunzi wangu 5 wamejitolea kuja Jumamosi kunisaidia kupiga msasa. Nishike lipi?

Mwalimu wa Katuba

JIBU

Mwalimu, kabla ya chaki na nyundo, tuanze na avansi, kwa maana ndiyo inayokunyima usingizi. Ulipokea dola 150, nazo kwa bei yako ni thamani ya likembe 10. Umekwisha kutengeneza 14. Kwa hiyo huna deni kwa mfanyabiashara huyo; ukimpelekea hizo 14 leo, ni yeye atakayebaki na dola 60 zako mkononi. Unachodaiwa ni ahadi tu, na ahadi huweza kuzungumzwa upya mapema, mtu akiwa na mzigo mkononi, kuliko tarehe 24 Desemba akiwa na visingizio.

Tazama ulichokubali. Ili upate likembe 40 nzima, wakati 2 katika kila 10 hupasuka, ulipaswa kutengeneza 50. Hizo ni saa 450. Kati ya mwanzo wa Oktoba na Noeli kuna majuma 11 na ushei, yaani ungefanya kazi saa 40 kwa juma juu ya saa za darasani, maandalizi na masahihisho. Hakuna mwalimu mwenye saa hizo, hata asiye na mke wala watoto. Mwandikie basi mfanyabiashara, kwa heshima, kwamba utamletea 14 sasa na nyingine 6 kabla ya Noeli, na kwamba 20 zilizosalia zitakuwa tayari mwanzoni mwa Septemba. Akikataa, zipokee dola zako 60 na mwachane kwa amani.

Kwa nini Septemba? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani barua yako imeuliza swali la pili bila kujua. Unasema sanduku 2 katika kila 10 hupasuka, nawe unalitaja jambo hilo kama bahati mbaya tu, ilhali sababu yake iko hewani. Lubumbashi tuna kiangazi tangu Mei hadi Septemba, na mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka, na hewa ikikauka husinyaa. Sanduku lililogandishwa wakati wa mvua limefungwa likiwa limetanuka. Kiangazi kinapofika ubao unataka kusinyaa, gundi inauzuia, na ufa unajitokeza kufuata nyuzi za mti. Lililogandishwa katika Julai au Agosti huogopa jambo moja tu, yaani kuvimba kidogo mvua zikija, na kuvimba ni ugonjwa unaovumilika.

Sasa itazame kalenda ya shule. Mwaka unafungwa mwanzoni mwa Julai na unafunguliwa Septemba. Likizo yako kubwa imeangukia ndani ya kiangazi chenyewe! Mafundi wa nchi nyingine hununua mashine ili wapate hewa kavu unayoipata wewe bure, katika miezi ileile isiyo na darasa. Kwa hiyo masanduku yote ya mwaka yakatwe na yagandishwe katika likizo, nayo yapangwe juu ya rafu yakiwa matupu. Kuanzia Septemba hadi Juni kazi yako iwe ni ndimi tu, kwa kuwa chuma hakijali mvua, isipokuwa kutu, ambayo tone la mafuta huizuia. Ulimi mmoja hutengenezwa kwa dakika chache: spoki ya kinga, yaani ya baiskeli, inapashwa moto mpaka iwe nyekundu, inaachwa ipoe yenyewe polepole ili ilainike, kisha inapondwa bapa, na kule kupondwa ndiko kunakoirudishia ugumu wa kuchipuka chini ya kidole. (Iponde alasiri. Nimeishi jirani na fundi wa sufuria, najua nyundo ya saa 3 usiku inavyosikika.)

Kuhusu ubao, sina shaka kwamba unatumia mulombwa, nao ni chaguo zuri, kwa maana ni katika miti inayosinyaa kidogo mno ukisha kukauka. Lakini lazima uwe umekauka kweli. Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Zako bila shaka ni nyembamba zaidi. Usibahatishe: chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya jirani muuza unga kila Jumamosi, uandike uzito wake kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Siku uzito utakapokoma kupungua kwa majuma 3 mfululizo, kata.

Nakuja kwa mama. Anaposema uache chaki simlaumu. Wake wengi wa walimu wa msingi wameona jikoni tofauti iliyokuja tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za serikali na prime ya wazazi, yaani nyongeza waliyomlipa mwalimu, ikafutwa. Lakini mwonyeshe hesabu hii. Likembe 10 hukuletea dola 120, kwa kuwa 2 zimepasuka. Toa dola 40 za vifaa, zinabaki 80, nazo umezifanyia kazi saa 90. Hiyo haifiki dola 1 kwa saa, na bado hatujahesabu makaa wala msasa. Kwa bei hiyo karakana haiwezi kulisha nyumba, hata ukiamka alfajiri kila siku. Ukiacha kupasua masanduku na kupandisha bei hadi dola 22, 10 zitakupa dola 220, utabakiwa na 180, yaani dola 2 kwa saa. Huo ni mwanzo, tena hakuna hata saa moja iliyoongezwa. Na nambari ya matrikuli, inayokuweka kwenye orodha ya malipo ya serikali, usiichezee. Unawajua wenzako waliofundisha miaka mingi wakiisubiri. Wewe unayo, na aliyetoka kwenye orodha ya malipo hana uhakika wa kurudi.

Kwa mkurugenzi nenda wewe kwanza, usingoje akuite. Mwombe radhi mzazi mwenye daftari, nunua daftari jipya, na umweleze mkurugenzi kwa maandishi kwamba hupokei agizo lolote la kukamilishwa kati ya Aprili na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Na utafute meza ya pili, hata iwe mlango wa zamani juu ya matofali. Sioni njia ya daftari na gundi kukaa meza moja.

Wale wanafunzi 5, la. Najua wamekuja kwa mapenzi, lakini mtoto anayepiga msasa Jumamosi kwa mtu atakayemsahihisha Jumatatu hayuko huru kusema amechoka, na yule wa 6 ambaye hakuja atajiuliza kuhusu alama zake. Kwa sababu hiyohiyo usiwauzie likembe wanafunzi wa darasa lako. Mtafute kijana wa mtaani aliyemaliza shule, umlipe kwa kila sanduku lililopigwa msasa vizuri, nawe ubaki na kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza, yaani kutafuta sauti.

Likembe yenyewe, hata hivyo, ipeleke darasani. Watoto wa darasa la 6 wanahangaika na desimali. Kwenye gitaa, uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ileile, ila juu zaidi kwa oktava moja. Kwenye likembe si nusu. Ulimi wa sentimita 6 hupanda hadi sauti hiyo ukifupishwa mpaka kama sentimita 4.2, kwa kuwa sauti ya ulimi hupanda kadiri urefu uliozidishwa kwa urefu unavyopungua. Wape rula, waache wapime wenyewe na wabishane. Huo utakuwa mchana wa kazi ya mwalimu, na mkurugenzi anaweza kukaa nyuma asikilize.

Neno moja la biashara nimelibakiza. Ukiuza likembe, mpe mnunuzi risiti, na juu yake uandike jina la mti, hasa akiwa msafiri. Mti wa mukula, ndugu wa mulombwa, uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2019, na mulombwa nao uliingizwa baada ya mkutano wa 2022 pamoja na ndugu zake wote wa Afrika. Masharti hayo yanahusu magogo na mbao, si likembe iliyokwisha kutengenezwa, lakini afisa wa mpakani hupenda kusoma kabla ya kuamini.