Lugha Imegoma Kubadilika Ukiingia Linux? Tafuta Aliyesema Mwisho

Juzi usiku msomaji wa Bukavu kanitumia ujumbe: "Fundi, nimeweka Kiswahili kwenye Ubuntu, nimetoka nimeingia, Kiingereza ni kile kile. Sasa hata terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Nifute nianze upya?"

Usifute. Ushauri huo wa "futa uanze upya" nina kesi nao ya siku nyingi.

Kuna ofisi moja ilinipa kazi ya kupanga kompyuta za wafanyakazi wao, wengi wao watu waliosoma kwa Kifaransa. Nikaweka Debian, Linux ya ukoo mmoja na Ubuntu, kila kitu kikakubali isipokuwa mashine moja. Ukifungua mipangilio, lugha imeandikwa Français. Ukitoka na kuingia tena, menyu zote Kiingereza, ila tarehe pale juu ni "mardi", yaani Jumanne kwa Kifaransa. Nikaomba muda hadi kesho yake. Bosi hakungoja. Akaletwa fundi mwingine, akatamka mbele ya watu kwamba Linux haijui lugha, akafuta mashine zote zilizokuwa pale ofisini, hata zile zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Malipo yangu yakakatwa. Mpaka leo nikipita mtaa ule natazama upande wa pili.

Ila ile mashine korofi ilikuwa mezani kwangu, haikuguswa. Nikaifungua kwa utulivu, na ndani ya `~/.profile`, faili la mipangilio ya mtumiaji linalosomwa akiingia, nikakuta mstari ulioachwa na mtumiaji wa zamani: `export LANGUAGE=en_US:en`. Basi. Mstari mmoja tu ndio ulionivunjia heshima.

Wengi mnaonisoma mnataka kuwa mafundi wa kuitwa, si wa kufukuzwa, kwa hiyo shikeni hili. Lugha ya dawati (desktop) la Linux haipangwi mahali pamoja. Ni kama kikao cha ukoo: kila mzee anasema lake, na neno la aliyesema mwisho ndilo linaloshika. Kwenye Debian na Ubuntu zenye dawati la GNOME, wa kwanza kusema ni faili la `/etc/default/locale`, linalosomwa unapoingia. Anafuata GDM, yaani ile skrini ya kuingilia. Yeye anaangalia lugha uliyochagua kwenye mipangilio, iliyohifadhiwa ndani ya `/var/lib/AccountsService/users/` katika faili lenye jina lako, mstari unaoanza na `Language`. Kisha `~/.profile` yako inasomwa, na ikiwa na `export` yoyote ya lugha, inawafunika wote wawili. Juu ya hapo GNOME ina mpangilio wake wa pembeni wa tarehe, namba na fedha, ndiyo maana tarehe inaweza kuwa na lugha yake na menyu yake. Huo unautazama kwa `gsettings get org.gnome.system.locale region`.

Vigezo vyenyewe, yaani majina kama `LANG` yanayobeba lugha, navyo vina ngazi. `LC_ALL` inazima kila `LC_` nyingine, hizo nazo zinaishinda `LANG`. Lakini kwa maneno ya menyu, `LANGUAGE` inapita zote, hata `LC_ALL`. Unaweza kubadilisha `LANG` mpaka uzeeke. Kama `LANGUAGE` imebaki na Kiingereza, menyu utaziona kwa Kiingereza, na tarehe itafuata `LANG`, ndiyo ile "mardi" yangu.

Sasa huyu wa Bukavu. Nilimwambia abonyeze Ctrl+Alt+F3, aingie kwa jina na nywila kwenye ile skrini nyeusi, aandike `locale`. Jibu likaja: `Cannot set LC_ALL to default locale: No such file or directory`. Nikamwomba anisomee `.profile`. Alikuwa ameandika `export LANG=sw_CD.UTF-8`.

Ni kosa la mtu mwenye akili. Yuko Congo, Kiswahili chake ni cha Congo, na CLDR, hifadhi ya taarifa za lugha ambayo Java na programu nyingine zinaitegemea, inacho kweli Kiswahili cha CD. Lakini glibc, maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux zinaitegemea, inakuja na `sw_KE` na `sw_TZ` peke yake. Ukiipa jina isilolijua, haikuulizi. Programu inarudi kwenye `C`, ambayo ni Kiingereza kitupu, na ikiwa kwenye `C` hata `LANGUAGE` haisikilizwi tena. Na gnome-terminal, ile terminali ya GNOME, inakataa kufunguka ikikuta lugha isiyotumia UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, na `C` haiutumii. Matatizo yote matatu, Kiingereza, terminali na ule ujumbe wa kosa, yalitoka kwenye mstari ule ule.

Akaufuta mstari, akatengeneza lugha kwa `sudo locale-gen sw_TZ` (Debian ni `sudo dpkg-reconfigure locales`, Fedora unasakinisha `glibc-langpack-sw`), kisha:

`sudo update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8 LANGUAGE=sw:fr`

Wa Debian na Ubuntu, tumieni `update-locale`, msihariri faili kwa mkono, kwa sababu amri hii inakataa jina la lugha ambayo haimo kwenye mashine. Ile `sw:fr` maana yake ni Kiswahili kwanza, kisichotafsiriwa kije kwa Kifaransa. Na vingi havijatafsiriwa. Fungua `/usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES` uone palivyo patupu ukilinganisha na folda ya `fr`. Hapo tatizo si mipangilio, ni sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Leo kila mtu analalamika kwamba Linux haina Kiswahili, ukimwambia atafsiri menyu moja anasema hana muda, na saa hiyo hiyo yuko kwenye kundi anabishana mpira. Mnataka nani awafanyie?

Turudi kwenye kazi. Ukimaliza, washa upya kompyuta kabisa. Kutoka na kuingia pekee mara nyingine hakutoshi, maana ukiwa na kikao kingine kilichobaki wazi, kama kile cha F3, systemd yako, yaani programu inayoendesha huduma zako, inaendelea na vigezo vya zamani. Kisha hakiki kwa `systemctl --user show-environment | grep -E 'LANG|LC_'`, usiishie kwenye `echo $LANG`, kwa sababu terminali inaweza kuwa na lake na dawati likawa na lake.

Wa KDE Plasma, dawati jingine la Linux, nyinyi anzeni na `~/.config/plasma-localerc`. Plasma inasoma humo `LANG` na `LANGUAGE` ikishaanza, baada ya wengine wote kusema.