Ukienda Japani usiishie Tokyo, panda treni mpaka Nagai

Wabongo wengi wakipata safari ya Japani, iwe kozi ya kazini au kumtembelea ndugu anayesoma kule, wanazunguka Tokyo na Kyoto, wanapiga picha, wakirudi wanasema Wajapani hawaongei na mtu. Mi naona tunawaonea. Tokyo kila mtu anawahi treni, sasa nani atasimama akuulize umetokea wapi? Ukitaka kukaa na watu nenda mji mdogo, na kwa Mtanzania mi nakwambia kabisa nenda Nagai, mkoa wa Yamagata, huko kaskazini.

Nagai ni mji wa watu wasiofika 30,000, mashamba ya mpunga, milima pande zote na mto Mogami unapita hapo. Jina la Tanzania kule si geni, maana Nagai ndo ulikuwa mji mwenyeji wetu kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Najua kuna watakaouliza, si ndo wale wa zile kelele za 2025? Ndo hao hao. Agosti mwaka huo JICA, shirika la serikali ya Japani la misaada ya maendeleo, walitangaza miji minne iunganishwe na nchi nne za Afrika, Nagai ikapewa Tanzania, mitandaoni ukavuma uongo kwamba wataletwa wahamiaji kibao, ofisi za miji zikapigiwa simu mpaka basi, na Septemba mpango ukafutwa. Mi nilienda Oktoba, kelele zikiwa bado za moto, na nilivyopokelewa ndo sababu ya kuandika haya. Usipime mji kwa kelele za mitandaoni.

Kufika ni rahisi. Unachukua shinkansen, treni ya mwendo kasi, inayoitwa Tsubasa toka Tokyo, baada ya masaa mawili na nusu hivi unashuka Akayu, hapo unahamia kitreni cha Flower Nagai. Ni kidogo kweli, dereva yuko peke yake hamna kondakta, unachukua karatasi yenye namba ukipanda na nauli unailipa mbele unaposhuka, kwa hiyo beba noti ndogo na sarafu, usitegemee kadi. Na hapo kwenye treni ndo maongezi yanaanzia, cha kufanya ni weka simu mfukoni, umsalimie aliyekaa karibu, inamisha kichwa kidogo, sema konnichiwa. Asilimia kubwa watasubiri we uanze kwa sababu wanaona aibu ya Kiingereza, ila ukishaanza hawakuachi. Mi alikuwepo mzee mmoja, nilivyosema Tanzania tu akaitikia "Ikangaa!" halafu akaanza kuchezesha mikono kama anakimbia. Vijana wa leo huku kwetu wengi hawamjui Juma Ikangaa, lakini wazee wa Japani wanamjua, alishinda marathoni ya Tokyo 1984 na 1986, na ile ya Fukuoka 1983 mkimbiaji wao Seko alimpita mwishoni kabisa kwa sekunde 3. Mzee alinielezea hiyo mbio yote kwa mikono, na mi nilijisikia fahari sana, kwa hiyo kabla hujaenda soma habari za Ikangaa, zitakufaa kuliko kamusi.

Kingine beba kahawa ya kwetu, pakiti ndogo ndogo. Kule kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro na wanaijua vizuri, zawadi ndogo ya kutoka kwenu inaheshimika kuliko kitu cha bei. Hela ya asante kwa mhudumu usitoe, atakukimbilia akurudishie.

Sasa Oktoba ina utamu wake, imoni. Hii ni supu ya majimbi, ndio majimbi haya haya tunayochemsha asubuhi tukanywea chai, isipokuwa ya kwao ni madogo ya duara na yana utelezi zaidi. Watu wanakusanyika kando ya mto, majirani au wafanyakazi wenza, wanawasha kuni, sufuria kubwa, majimbi, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, konnyaku (kama jeli ngumu inayotokana na kiazi), kitunguu cha majani kilichokatwa mshazari, sosi ya soya na sukari kidogo. Nilikuwa napita tu nikasalimia kikundi kimoja, mama mmoja akaniuliza kitu sikukielewa, akaamua kunipa bakuli. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya majimbi sokoni, akaita wenzake wote waje waone, basi ikawa darasa, wanataka kujua tunapika na nini, nikawaambia nazi, wakashangaa kweli. Supu ikibaki wanatia tambi nene za udon na kari humo humo. Yule mama alikuwa ananiongezea kila bakuli likiisha. Wenzangu Waislamu mjue supu hii huwa inatiwa sake, pombe yao ya mchele, na nyama si ya kuchinjwa kwa dini, ulizeni mapema, na ukienda upande wa pwani wa mkoa huo huo imoni yao ni ya nguruwe.

Jioni rudi Akayu, pana maji ya moto ya asili na mabafu ya umma. Watu wanaoga uchi, wanaume kwao wanawake kwao. Kaa kwenye kile kistuli, jisugue sabuni ujisuuze mpaka povu liishe ndo uingie kwenye maji, na taulo lisiguse maji. Ukifuata hayo hakuna atakayekuangalia vibaya. Mwenye tatuu aulize kwanza, kuna sehemu hawaruhusu.

Ukitaka kupanda milimani uliza wenyeji habari za dubu, 2025 walisumbua sana kaskazini yote. Na ratiba ya treni ipige picha stesheni ya Nagai, jengo lenyewe ndo limeunganishwa na ofisi ya jiji kwa hiyo msaada hukosi, maana treni ikikupita unaweza kungoja saa nzima na zaidi.

Kama Oktoba huwezi, nenda Mei kwenye sherehe ya simba weusi, wanaume wengi wanaingia chini ya kitambaa kimoja kirefu wanacheza mitaani. Vyumba wekeni mapema, mji ni mdogo na hoteli zinajaa.